KABLA YA KUCHIMBA SHIMO: MITI KATIKA MAENEO YA WAZI YA NAKIVALE



Kila mvua zinapokaribia, maombi ya miche huwa mengi. Vikundi vya akina mama, vijana, makanisa, misikiti na kamati za shule huomba miche ya kupanda mahali ambapo si kiwanja cha mtu: kando ya bomba la maji, pembeni mwa soko, kuzunguka uwanja wa mpira, juu ya korongo linalokata njia. Haya ni maombi mazuri. Lakini aliyekaa hapa Nakivale miaka michache tu anajua mara nyingi mambo huishia wapi. Siku ya kupanda watu ni wengi na kuna hotuba. Ukifika mwezi wa nane, mbuzi wamekula majani, jua limekausha shina, na mahali pale pamerudi kuwa pa kutupia takataka.

Watu husema udongo ni mbaya, au mvua ilikuwa kidogo. Pengine ni kweli. Ila tazama kiwanja cha mtu kilicho hatua hamsini kutoka pale. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile, na mpapai wa mama mwenye nyumba unazaa. Mpapai ule una mwenyewe. Kwa hiyo karatasi hii, kabla ya kueleza habari za shimo na samadi, inaeleza jambo linalotangulia jembe: kukubaliana mti utakaopandwa mahali pa wote utatunzwa na nani, na faida yake itakwenda kwa nani.

Miti saba ya Kamukunji

Tatizo hili si la makazi ya wakimbizi peke yake. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walitembea hadi Kamukunji, uwanja wa wazi katika mji wa Nairobi, wakapanda miti saba. Ndiyo ilikuwa mwanzo wa kazi iliyokuja kujulikana kama Green Belt Movement. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2006, Maathai aliandika kwamba katika ile saba ni miwili tu iliyokuwa bado imesimama. Huyu ni mama aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 kwa sababu ya kazi ya miti. Mitano kati ya saba ilimfia, mbele ya viongozi na watu wengi waliokuja kushangilia.

Kazi yao ilipohamia vijijini, utaratibu ukawa mwingine. Vikundi vya wanawake viliotesha miche yao wenyewe, na mama alipata malipo madogo, senti chache tu, kwa kila mche uliokutwa hai baada ya kupandwa. Hakulipwa kwa kuchimba shimo wala kwa kuhudhuria sherehe. Kufikia wakati wa tuzo ile, miti iliyopandwa ilihesabiwa kuwa zaidi ya milioni 30.

Karatasi hii haiahidi malipo. Tunachotaka mchukue hapo ni namna ya kuhesabu. Vibao vingi vya barabarani huonyesha idadi ya miche iliyopandwa. Ni vichache mno vinavyoonyesha iliyo hai mwaka uliofuata. Ninyi hesabuni iliyo hai.

Ardhi si yangu, mti je?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote: "Kwa nini nipande mti wa miaka kumi kwenye ardhi isiyo yangu?"

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, pamoja na kanuni zake za mwaka 2010, inamruhusu mkimbizi anayeishi katika makazi kutumia bure ardhi aliyogawiwa, kwa kulima na kufuga. Hairuhusiwi kuiuza wala kuikodisha. Kiwanja chako basi ni cha kutumia wewe na familia yako. Mahali pa wote ni jambo jingine. Hapajagawiwa mtu, lakini inawezekana pametengwa kwa barabara, kwa shule, au kwa wageni watakaofika. Kabla ya kupanda chochote, mwenyekiti wa RWC wa kijiji chenu aende pamoja nanyi kwenye ofisi ya kamandanti kuuliza kama eneo lina kazi nyingine. Kama linapakana na mashamba ya wenyeji, mwenyekiti wa LC1 wa upande wao aitwe naye aone. Katika nchi hii, kama ilivyo kwetu, safu ya miti mara nyingi ni alama ya mpaka. Mkipanda safu bila kusema, jirani ataona mnajipimia shamba lake.

Wapo pia wanaoona kwamba kupanda mwembe ni kukubali kuwa hawatarudi nyumbani. Tunaielewa hofu hiyo, lakini hatuikubali. Nakivale ilitambuliwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia vurugu za wakati ule. Wengi waliofika walidhani ni kwa miezi. Mpapai hauhitaji miaka. Huzaa ndani ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Mlonge hutoa majani ya mboga ndani ya miezi michache. Anayetarajia kuondoka mapema apande hiyo, na mwembe amwachie mwingine.

Mapatano

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kaeni chini, watu wote wanaotumia mahali pale, na mwandike mapatano. Karatasi moja ya daftari inatosha. Iandikwe kwa lugha ambayo wengi wanaielewa na isomwe kwa sauti, maana si wote wanaosoma. Mahali palipo na Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali pamoja, kila kundi liwe na mtu wake pale.

Anzeni na idadi ndogo. Miti kumi kwa familia tano inaweza kutunzwa. Miti mia moja kwa kijiji kizima haitunzwi, kwa sababu kijiji kizima hakibebi maji. Kila mti uandikiwe jina la mtu mmoja. Mkiandika "kikundi cha vijana", Jumatatu asubuhi hakuna kijana anayejua kama ni zamu yake. Shule ziwe na tahadhari ya pekee. Watoto humwagilia vizuri sana wakiwa darasani, lakini shule hufungwa Desemba na kufunguliwa mwanzoni mwa Februari, na hicho ni kipindi kimojawapo cha ukame. Kama mlinzi wa shule au familia ya jirani haikuandikwa, miti ya shule hufa wakati wa likizo.

Wenye mbuzi waitwe. Hili linasahauliwa karibu kila mara. Waliohudhuria ni wale wanaopenda miti, nao wanakubaliana wao kwa wao kwamba mbuzi wafungwe. Mwenye mbuzi hakuwapo, hakusikia, na kwa kweli hana kosa. Mwulizeni yeye mwenyewe mbuzi wake wapite wapi, na faini iwe kiasi gani wakivuka. Faini aliyoitaja mwenyewe huilipa kwa urahisi zaidi kuliko ile aliyotangaziwa.

Kisha zungumzeni habari za matunda na kuni, bila haya. Mwezi Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilitangaza kwamba karibu wakimbizi milioni 1 nchini Uganda wangeondolewa kwenye mgao kwa ukosefu wa fedha. Ninyi mnajua maana ya tangazo lile kuliko sisi. Katika hali kama hiyo, mti wenye matunda usio na mapatano utachumwa matunda yakiwa mabichi, usiku, na matawi yatavunjika. Baadhi ya njia ambazo vikundi vinaweza kuchagua ni hizi: nusu ya matunda ni ya aliyemwagilia, na nusu huuzwa kwa ajili ya matengenezo ya bomba, au matunda yaliyoanguka ni ya watoto, yaliyo mtini ni ya mtunzaji. Njia yoyote inafaa, mradi isemwe mapema. Angalieni pia jina linaloandikwa. Mara nyingi mama ndiye anayebeba jerikeni msimu mzima, halafu siku ya kuuza maparachichi jina lililo kwenye karatasi ni la baba.

Kuhusu kuni, kila mtu hapa anajua mwanamke au msichana aliyetishwa, aliyepigwa au aliyefanyiwa vibaya zaidi alipokwenda mbali kutafuta kuni. Matawi yanayopatikana karibu na nyumba si jambo dogo. Kwa hiyo mapatano yaseme nani ana haki ya kupogoa, mwezi gani, na kiasi gani. Kanuni iliyo rahisi kulindwa ni kwamba matawi ya chini hukatwa kwa panga kali, mara moja kwa mwaka, na shina haliguswi. Matawi ya juu, angalau nusu ya urefu wa mti, yabaki.

Mahali penyewe

Bomba la maji ndipo pa kuanzia, kwa sababu maji yapo tayari na yanapotea. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika mengi ya misaada, huhesabu watu wasiozidi 250 kwa bomba moja. Kila mmoja wao akimwaga nusu lita tu kwa siku, ni lita 125. Leo maji hayo yanafanya tope, na katika tope watoto wanacheza na mbu wanazaa. Chimbeni mfereji mwembamba kutoka ukingo wa saruji hadi shimo lenye upana wa kama mita moja, mbali kidogo na bomba, upande wa mteremko. Jazeni shimo majani makavu, samadi na takataka za jikoni. Pandeni migomba au mipapai kuzunguka ukingo wa shimo, si ndani yake. Miti hii hunywa sana, na hapa kunywa sana ndiyo kazi yake. Isipandwe juu ya bomba lililofukiwa chini. Mfereji usafishwe kila wiki. Ukiziba, mtakuwa mmehamisha tope tu.

Mahali pa mikutano na pembeni mwa soko panahitaji kivuli kipana na cha haraka, na ndipo mbuzi na watoto huharibu zaidi. Wazee wa Rwanda, Burundi na Uganda walikuwa na dawa ya shida hii. Mti ambao Wanyarwanda huuita umuvumu, na ndugu yake ambao Waganda huuita mutuba na kutengenezea nguo za magome, haupandwi kwa mche mdogo. Hukatwa tawi nene lililokomaa, lenye urefu wa mita mbili hivi, likafukiwa kama nguzo mwanzoni mwa mvua. Linaota mizizi na kuchipua juu, mahali ambapo mbuzi hafiki. Ombeni tawi kwa wenyeji wenye miti hiyo, kwa adabu, wengi hutoa. Onyo moja: mizizi yake ina nguvu. Iwe mbali na nyumba, matangi na mabomba, angalau hatua kumi na tano.

Makorongo ni habari nyingine. Watu hupanda miti ndani ya korongo, mvua ya kwanza inaibeba. Korongo halianzii pale mnapoliona. Huanzia juu, mahali ambapo maji ya mapaa, ya barabara na ya mitaro yanakusanyika. Wakongo wenye ndugu waliokaa Gihembe, kaskazini mwa Rwanda, wamesikia habari hizi. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1997 juu ya kilima chenye mteremko mkali. Maji ya nyumba zilizobanana yakachimba makorongo mwaka hadi mwaka hadi yakahatarisha makao, na mwaka 2021 maelfu ya watu walihamishiwa Mahama na kambi ikafungwa. Kwa hiyo kazi ianze juu: mitaro inayogawanya maji, na safu za majani ya vetiva au mabingobingo (matete) zikikingama mteremko, zikibanana bila nafasi ya maji kupita kwa kasi. Ndani ya korongo wekeni vizuizi vidogo vingi vya mawe au vya magunia yaliyojazwa udongo, kila kimoja kikiwa chini katikati kuliko pembeni ili maji yapite katikati. Udongo ukishatuama nyuma ya vizuizi, ndipo mpande miti. Kama korongo ni refu kuliko mtu, msiingie kuchimba humo. Toeni taarifa, linahitaji mafundi.

Kando ya uwanja wa mpira mgrevilea unafaa, kwa kuacha mita tatu kati ya mti na mti, nje ya mtaro. Na shimo la choo lililojaa na kufungwa, ambalo kila mtu hulikwepa, laweza kufunikwa kwa udongo mzito wa nusu mita na kuotesha mgomba juu yake. Mwulizeni kwanza mhamasishaji wa afya wa kijiji.

Kuhusu aina ya miti

Wengi huomba mkaratusi kwa sababu unakua haraka na una bei. Mahali pa wote tunashauri msiupande, hasa karibu na kisima, bomba au bustani. Unakunywa maji mengi, na chini yake mboga hazistawi. Kwa kuni na lishe ya mbuzi, mkaliandra ni bora: ukikatwa huchipua tena na tena. Mgrevilea una mbao na kivuli chepesi. Kwa matunda, ombeni mwembe au mparachichi uliobebeshwa, ambao huzaa baada ya miaka mitatu au minne. Uliotokana na kokwa huchukua muda mrefu zaidi.

Mche ukiwa pepinyeri, yaani kwenye kitalu, uzoezwe jua na kiu kwa wiki chache kabla ya kutolewa. Mche uliotoka kivulini moja kwa moja huungua.

Shimo na maji

Kwa mti wa matunda, shimo liwe sentimita 60 kila upande na kina hicho hicho. Udongo wa juu, ule mweusi, uwekwe upande mmoja na ule wa chini upande mwingine. Wakati wa kujaza, udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza ndio unaozunguka mizizi. Samadi mbichi huunguza. Mfuko wa nailoni uondolewe kabisa. Bado tunakuta miche iliyofukiwa na mifuko yake, na mizizi imejizungusha ndani kama kamba. Mkusanye mifuko hiyo, msiiachie upepo.

Acheni kisahani cha udongo kuzunguka shina, mtandaze majani makavu juu yake, lakini yasiguse shina kwa sababu ya mchwa. Pandeni mvua zikiwa zimekolea, mwezi Machi au Septemba, na si siku ya wageni. Mti uliopandwa Mei, wiki mbili kabla ya mvua kukatika, utaingia kiangazi cha Juni hadi Agosti bila mizizi.

Katika kiangazi hicho, jerikeni kuukuu la lita tano lenye tundu dogo la sindano chini, likizikwa nusu kando ya mche, hutoa maji taratibu hadi kwenye mizizi. Lijazwe mara mbili kwa wiki. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa, yasiwe na sabuni nyingi. Uzio wa miiba uwekwe siku ile ile ya kupanda. Ukiuahirisha hadi kesho, mbuzi hawatangoja.

Mtunzaji akiondoka

Kuna watu watakaoitwa kwenda nchi nyingine, wengine watarudi kwao, wengine watahamia Kampala kutafuta kazi. Mapatano yaandike mapema jina la mtu wa pili kwa kila mti. Anayeondoka amkabidhi huyo mbele ya mwenyekiti. Mti wa mahali pa wote hauuzwi pamoja na vitu vya nyumbani, wala haukatwi kwa ajili ya nauli. Aliyeutunza miaka mingi anaweza kupewa kitu kidogo kutoka mfuko wa kikundi, mkikubaliana hivyo.

Vikundi vinavyotaka miche vilete nakala ya mapatano kwa kamati ya mazingira ya eneo lao, iwe Base Camp, Juru au Rubondo, kabla ya katikati ya Agosti kwa mvua za Septemba, na kabla ya katikati ya Februari kwa mvua za Machi. Onyesheni idadi ya mashimo yaliyokwisha kuchimbwa, na majina mawili kwa kila shimo.